Ubora wa njia ya baiskeli hupimwa kwa mtikisiko, si kwa urefu pekee

ELDORET ilitawazwa rasmi kuwa jiji mnamo Agosti 15, 2024, ikawa ya tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Hadhi hiyo ilikuja na matarajio mengi kuhusu maji, taa, masoko na barabara. Miongoni mwa matarajio hayo kuna moja ambalo ni rahisi kusahaulika, nalo ni la mtu anayekwenda kazini kwa baiskeli.

Aghalabu njia ya baiskeli inapozinduliwa katika mji wowote, wananchi huambiwa mambo mawili: urefu wake na fedha zilizotumika. Ni nadra kuambiwa uso wake ukoje. Hata hivyo, uso huo ndio unaoamua iwapo njia itatumiwa au itageuzwa kuwa mahali pa kuegesha magari na kupanga bidhaa.

Sababu yake ni nyepesi. Mwendeshaji akikuta njia inayomrusha kitini na kumtia ganzi mikononi, ana chaguo mbili: avumilie, au ashuke barabarani achanganyike na magari. Katika Eldoret, barabara hiyo huenda ikawa Uganda Road, sehemu ya barabara kuu itokayo Mombasa hadi Malaba, ambako hupita malori yanayobeba shehena za kwenda Uganda na mataifa yaliyo mbele yake. Kwa hivyo, njia mbovu ya baiskeli si kero tu. Humrudisha mwendeshaji mahali pale pale palipo na hatari ambayo njia hiyo ilijengwa kumwepusha nayo.

Swali basi ni hili: je, mtikisiko unaweza kupimwa kwa namari, au ni jambo la kila mtu na mgongo wake? Jibu ni kwamba unaweza kupimwa, tena kwa vifaa ambavyo fundi wa jua kali anaweza kuvitengeneza.

MJI ULIOTANGULIA

Eldoret si mgeni katika suala hili. Kwa miaka mingi, kabla ya pikipiki kutwaa biashara hiyo, bodaboda mjini humo ilikuwa baiskeli yenye kiti kilichoshonwa sponji juu ya keria. Baiskeli ilibeba abiria, mitungi ya maziwa, magunia ya makaa na trei za mayai.

Katika miaka ya 1990, Eldoret ilikuwa mojawapo ya miji minne ya Afrika Mashariki iliyoteuliwa kwa majaribio ya kuboresha usafiri wa miguu na wa baiskeli, chini ya mpango wa sera za uchukuzi barani Afrika uliosimamiwa na Benki ya Dunia. Mingine ilikuwa Nairobi, Dar es Salaam na Morogoro. Mafunzo yaliyotokana na majaribio hayo yalikusanywa katika kitabu cha mwongozo kilichochapishwa mwaka 2001 na Marius de Langen na Rustica Tembele, kwa ajili ya wahandisi na wapangaji wa miji ya Afrika.

Kenya yenyewe ina nafasi ya pekee katika historia ya kupima barabara. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, watafiti wa maabara ya barabara ya Uingereza, TRRL, wakishirikiana na Benki ya Dunia, walifanya utafiti mkubwa katika barabara za nchi hii. Walitaka kujua jinsi ubovu wa uso wa barabara unavyoongeza gharama za mafuta, magurudumu na vipuri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1975 yaliingia katika hesabu ambazo baadaye zilitumiwa na mataifa mengi kuamua barabara ipi itengenezwe kwanza.

Lakini utafiti huo ulihusu magari. Baiskeli haikuhesabiwa, na upungufu huo umeendelea kuonekana katika vipimo vingi vilivyofuata.

BAISKELI SI GARI DOGO

Kipimo kinachotumiwa zaidi duniani kueleza kutolingana kwa uso wa barabara hujulikana kwa kifupi kama IRI. Kilitokana na majaribio yaliyofanyika Brazil mwaka 1982, na Benki ya Dunia ikakichapisha mwaka 1986. Kipimo hiki hukadiria jinsi springi za gari la mfano, likienda kilomita 80 kwa saa, zinavyopanda na kushuka. Jumla ya miondoko hiyo hugawanywa kwa umbali, na jibu hutolewa kwa mita kwa kila kilomita. Sifuri ni uso ulionyooka kabisa. Barabara mpya ya lami huwa kati ya 1.5 na 3.5, ilhali barabara ya udongo iliyoharibika inaweza kuzidi 8.

Tatizo ni zile kilomita 80 kwa saa. Gari lenye mwendo huo husumbuliwa na mabonde marefu, na halihisi sana nyufa na viungo vidogo. Mwendeshaji baiskeli ni kinyume chake. Mwendo wake wa kawaida ni kama kilomita 15 kwa saa, yaani takriban mita 4.2 kwa kila sekunde. Bonde lenye urefu wa mita 20 hulipita bila kulitambua. Kiungo cha sentimita chache humgonga moja kwa moja, kwa kuwa baiskeli nyingi hazina springi wala chochote cha kupunguza kishindo isipokuwa upepo ulio ndani ya magurudumu.

Hebu tuchukue mfano wa barabara ya changarawe iliyojikunja kama mabati. Mikunjo hiyo kwa kawaida huachana kwa kati ya nusu mita na mita moja. Ikiwa inaachana kwa sentimita 60, mwendeshaji anayekwenda mita 4.2 kwa sekunde atapigwa mara saba kwa kila sekunde. Wataalamu wa afya ya kazi wamethibitisha kwamba mwili wa binadamu aliyeketi huathirika zaidi na mtikisiko wa kwenda juu na chini unaorudiwa kati ya mara nne na nane kwa sekunde. Mwendo wa kawaida wa baiskeli juu ya mikunjo ya kawaida huangukia pale pale ambapo mwili ni dhaifu zaidi.

Kwa matofali ya kabro, hesabu ni nyingine. Tofali la kawaida lina urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 10. Yakipangwa ili gurudumu livuke kiungo kila baada ya sentimita 20, mwendeshaji huyo atapokea mapigo 21 kwa sekunde. Mapigo ya haraka namna hiyo hayafiki kiunoni sana, bali hupitia usukani na kuishia viganjani. Ndiyo maana mtu anaweza kusafiri kwenye kabro iliyolegea bila kuumwa na mgongo, lakini akifika aendako vidole vimekufa ganzi.

Kutokana na hayo, afisa anayetegemea IRI peke yake anaweza kuipitisha njia ambayo waendeshaji wataikimbia.

MASHINE YA GURUDUMU MOJA

Kifaa cha kwanza kinachofaa kutajwa ni kile kiitwacho Merlin. Kilibuniwa na TRRL kwa ajili ya nchi zinazoendelea, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 1991 na mtafiti M. A. Cundill. Ubora wa Merlin ni kwamba haina betri wala kompyuta.

Ni fremu ya chuma yenye gurudumu moja mbele, mguu nyuma na mikono ya kuisukumia kama mkokoteni wa bustani. Kutoka gurudumu hadi mguu ni mita 1.8. Katikati kuna kijiti kinachogusa ardhi. Kijiti hicho kimeungwa na mkono wenye mshale, nao mshale hutembea juu ya karatasi ya mistari. Kijiti kikipanda au kushuka kwa milimita moja, mshale husogea sentimita moja. Kwa njia hiyo, jicho huona wazi kile ambacho mguu haungekitambua.

Mpimaji husukuma mashine, na kila gurudumu linapokamilisha mzunguko mmoja husimama na kutia alama kwenye karatasi. Hufanya hivyo mara 200, sawa na umbali wa takriban mita 400. Njia ikiwa laini, alama hurundikana mahali pamoja. Ikiwa mbovu, hutawanyika. Baada ya hapo huondolewa alama 10 za mwisho upande huu na 10 upande wa pili, kisha upana uliobaki hupimwa kwa rula kwa milimita.

Upana huo huzidishwa kwa 0.0471, halafu huongezwa 0.593, na jibu ni makadirio ya IRI. Kwa mfano, upana wa milimita 80 hutoa takriban 4.4, nao wa milimita 150 hutoa takriban 7.7. Hesabu hiyo inaweza kufanywa na mwanafunzi wa shule ya upili, na mashine yenyewe inaweza kuundwa katika karakana ya chuo cha kiufundi.

Merlin ina mipaka yake. Hueleza hali ya jumla ya kipande cha njia, lakini haisemi kwamba mahali fulani kuna kifuniko cha mtaro kilichoinuka sentimita tatu. Aidha, haisemi mwili wa mwendeshaji unahisi nini. Kwa hayo, kinahitajika kifaa cha pili.

SIMU USUKANINI

Ndani ya simu nyingi za kisasa kuna kihisi kidogo kinachotambua simu inapotikiswa au kugeuzwa. Kihisi hicho hupima jinsi mwendo unavyobadilika, kwa mita kwa sekunde kwa sekunde. Simu ikifungwa kikamilifu kwenye usukani, na programu ikaandika vipimo 100 kila sekunde, mwendeshaji wa kilomita 15 kwa saa atapata kipimo kimoja kwa takriban kila sentimita nne za njia. Mitambo ya setilaiti huonyesha kila kipimo kilichukuliwa wapi.

Vipimo hivyo havitafutiwi wastani wa kawaida, kwani kupanda na kushuka hufutana. Tuseme vipimo vinne ni 3, kutoa 3, 1 na kutoa 1. Wastani wake ni sifuri, kana kwamba hakukuwa na mtikisiko wowote. Kwa hiyo kila kipimo huzidishwa kwa chenyewe kwanza: 9, 9, 1 na 1. Wastani wa hivyo ni 5, na kipeuo chake cha pili ni takriban 2.2. Namba hiyo ndiyo inayoeleza ukubwa wa mtikisiko.

Shirika la kimataifa la viwango, ISO, lina mwongozo wa kutafsiri namba hizo kwa abiria aliyeketi. Mtikisiko ulio chini ya 0.315 hauhesabiwi kuwa kero. Kati ya 0.8 na 1.6 ni kero dhahiri, na ukizidi 2 ni kero kubwa mno. Namba hizo hupatikana baada ya vipimo kurekebishwa kulingana na mapigo ambayo mwili huyahisi zaidi, wala hazikuwekwa kwa ajili ya mwendeshaji baiskeli, ambaye anaweza kujiinua kidogo kitini na kuiachia miguu kazi ya springi. Hata hivyo, husaidia kulinganisha njia moja na nyingine.

Mbinu hii imetumiwa kwingineko. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, chama cha waendeshaji baiskeli cha Uholanzi kilizunguka katika miji ya nchi hiyo na baiskeli iliyofungwa vifaa vya kurekodi mwendo, kelele na mitikisiko, kisha kikailinganisha miji kwa matokeo hayo. Mwaka 2015, watafiti wa Jamhuri ya Czech walichapisha njia ya kugeuza mitikisiko kuwa kipimo cha starehe na kukionyesha kwenye ramani ya mji. Huko Copenhagen, jiji huwauliza waendeshaji wenyewe wanaridhika kiasi gani na hali ya njia zao, na limekuwa likichapisha majibu tangu katikati ya miaka ya 1990.

Anayetaka kufanya hivyo Eldoret hana budi kuzingatia masharti manne. Baiskeli iwe ile ile katika njia zote. Upepo wa magurudumu uwe sawa, kwa sababu gurudumu lililojazwa sana hutikisa zaidi kuliko lililolegea. Mwendo usibadilike, maana kuongeza kasi huongeza mtikisiko. Na kila njia ipitiwe zaidi ya mara moja, ili tukio la bahati mbaya lisihesabiwe kuwa hali ya kawaida. Bila masharti hayo, atakuwa amepima baiskeli badala ya kupima njia.

UBOVU HUANZIA CHINI

Namba pekee hazitengenezi njia. Lazima zisomwe pamoja na sababu za ubovu, ambazo hutofautiana kulingana na kilichotandazwa.

Kabro hupendwa kwa kuwa inaweza kung'olewa na kurudishwa bomba la maji linapokarabatiwa. Lakini tofali hubebwa na kilicho chini yake. Udongo usiposhindiliwa sawasawa, au ukingo wa zege wa kuyabana matofali ukikosekana, matofali husogeleana, mengine huzama na mengine huinuka. Mafundi wa mabomba nao wakirudisha matofali bila kushindilia, njia iliyokuwa nzuri hupata bonde jipya kila inapochimbwa.

Lami huwa laini zaidi ikiwa mpya, ila njia nyembamba ya baiskeli mara nyingine hushindiliwa kwa mashine ndogo au kwa mikono, na hubaki na mawimbi ambayo barabara kuu haina. Zege hudumu, lakini viungo vyake vikiachwa vipana humgonga mwendeshaji kila baada ya mita chache. Changarawe ni rahisi kutandaza, ila katika eneo linalopata mvua nyingi kama Uasin Gishu, hupasuka mifereji upesi ikiwa maji hayana pa kwenda.

Picha ya mtikisiko husaidia kutambua ugonjwa. Mapigo ya mfululizo yanayolingana huashiria viungo au mikunjo. Kishindo kimoja kikubwa huashiria ukingo, shimo au kifuniko cha mtaro. Mtikisiko unaoongezeka mwaka hadi mwaka mahali pamoja huashiria kwamba msingi unazama, na kuweka viraka juu yake ni kutwanga maji kinuni.

GHARAMA YA MWENYE MZIGO

Anayeona kwamba starehe ya mwendeshaji ni anasa na amfikirie mchuuzi wa mayai. Kila tofali lililoinuka ni hatari kwa bidhaa yake, kwa spoki zake na kwa rimu yake.

Nguvu pia hupotea. Uso mbovu huongeza ukinzani dhidi ya gurudumu, na ukinzani huo unaweza kulinganishwa na mlima. Ukiongezeka kwa sehemu moja ya mia ya uzito wote, mwendeshaji atafanya kazi sawa na ya mtu anayepanda mteremko wa mita moja kwa kila mita 100. Katika safari ya kilomita tano, hiyo ni sawa na kupanda kilima cha mita 50 ambacho hakipo kwenye ramani. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Wanariadha huja kuutafuta ugumu huo kwa mazoezi. Mfanyakazi anayetoka Langas, Huruma au Kapsoya hakuuomba.

KABLA YA MALIPO YA MWISHO

Barabara za mijini nchini Kenya ziko chini ya mamlaka tofauti. Tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, barabara kuu za kitaifa husimamiwa na KeNHA na zile za mijini na KURA. Serikali za kaunti nazo zina barabara zao. Mwendeshaji mmoja anaweza kupita katika maeneo ya mamlaka zaidi ya moja ndani ya safari moja, na mara nyingi kishindo kikubwa huwa mahali mipaka hiyo inapokutana, kwa kuwa kila upande humaliza kazi yake pale unapoishia.

Dawa yake ni kipimo kimoja kinachotambuliwa na wote. Mkataba wa ujenzi ungeweza kutaja kiwango cha juu cha mtikisiko kinachokubalika, na njia ikapimwa mara mbili: kabla ya mwanakandarasi kukabidhi kazi, na tena kabla ya kipindi chake cha kurekebisha kasoro kumalizika. Wakati huo matofali yaliyozama yangerejeshwa kwa gharama ya aliyeyatandaza. Baada ya kipindi hicho, gharama humwangukia mlipa ushuru.

Wananchi nao hawana haja ya kungoja. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 huwapa haki ya kuomba kumbukumbu zilizo mikononi mwa serikali, zikiwemo za ukaguzi wa miradi. Anayeuliza matokeo ya ukaguzi wa uso wa njia, akiwa na vipimo vyake mwenyewe mkononi, ni vigumu kujibiwa kwa urefu wa kilomita pekee.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Katika njia ya baiskeli, ufa huo huonekana mapema kwa mwenye rula, karatasi na subira ya kusukuma gurudumu moja kwa mita 400.